Mji wa Ludd haukuhamwa, ulihamishwa

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa historia mmechapisha picha ya stesheni ya reli ya Lod, Israeli, na chini yake maelezo kwamba mji huo "ulibaki mtupu baada ya wakazi wake Waarabu kukimbia vita ya 1948". Tunaoandika barua hii ni walimu wa historia na wastaafu wa reli hapa Tabora. Picha ni sahihi na mwaka ni sahihi. Kosa kubwa limo kwenye neno "kukimbia". Anayekimbia huchagua mwenyewe saa ya kuondoka, hata ikiwa ni saa mbaya, na huchagua cha kubeba. Watu wa mji ule hawakupewa nafasi ya kuchagua lolote. Waliondolewa kwa amri ya maandishi yenye sahihi ya ofisa, na wanahistoria wa Israeli wenyewe wameisoma na kuichapisha.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea njia. Kwa Waarabu mji ni al-Ludd, kwa Wayahudi ni Lod, Waingereza waliuita Lydda, na Warumi kabla yao waliuita Diospolis. Wasomaji wenu Wakristo wanaufahamu kwa jina la Lida: ndiko Petro alikomkuta Ainea, mtu aliyelala kitandani miaka minane kwa kupooza, Matendo sura ya 9. Waislamu nao wamelisikia jina hilo madrasani, kwa kuwa hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inataja lango la Ludd kuwa ndipo Nabii Isa atakapomuua Dajjali. Kwa hiyo nusu ya Tabora wamelisikia kanisani na nusu nyingine msikitini, bila kujua kwamba ni mji mmoja. Mwanafunzi anayetafuta habari zake kwenye intaneti aangalie hapo. Akiandika "Lida" atapelekwa Belarus, kwenye mji mwingine kabisa. Akiandika "Lod" ataletewa zaidi mambo ya baada ya 1948. Kwa mambo ya kabla ya hapo aandike "Lydda" au "Ludd".

Mtu wa Tabora ana sababu ya kuuelewa mji huu upesi kuliko wengi: ni mji wa makutano ya reli kama wetu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa 1912, ikagonga Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Ludd walitutangulia. Reli ya Jaffa hadi Jerusalem ilifunguliwa Septemba 1892 ikipita hapo, kwa geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya milimita 1,000, yaani geji ileile ya Reli yetu ya Kati ya zamani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waturuki, waliotawala huko wakati ule, waling'oa kipande cha kati ya Jaffa na Ludd wakakitumia kwingine, na kipande cha kwenda Jerusalem wakakibadilisha kuwa milimita 1,050 ili kiungane na reli yao ya kutoka Syria. Milimita 50 ni upana wa vidole vitatu tu, lakini gurudumu halina habari ya vidole vitatu, linadondoka katikati. Ama ushushe shehena yote na kuipakia upya kwenye behewa jingine, ama utoboe mataruma upya na kuusogeza upande mmoja wa reli, kilomita baada ya kilomita. Waingereza nao walipokuja wakitokea Mfereji wa Suez waliitandika ya kwao ya milimita 1,435, ambayo ndiyo geji ya SGR inayojengwa sasa kupita kwetu. Kufika 1920 njia ya Jerusalem pia ilikuwa imegeuzwa. Ndani ya miaka 30, stesheni moja ilikuwa imeona geji tatu.

Baada ya hapo Ludd ikawa na njia nne: kaskazini kwenda Haifa, kusini kwenda Gaza na Misri, magharibi kwenda Jaffa, mashariki kwenda Jerusalem. Sisi tunazo tatu. Kila aliyefanya kazi kwenye makutano anajua maana yake. Treni haipiti tu, inakatwa na kuungwa upya. Kuna wa kugeuza swichi, wa kuunganisha mabehewa, wa kusafisha moto wa injini, wa kujaza maji, fundi wa boila, fundi wa breki, na stesheni masta anayejua kwamba treni ya mchanganyiko (abiria na mizigo) ya saa nane ikichelewa itazuia ya saa kumi. Kazi hizo hazijifunzwi kwa wiki mbili. Tunaomba msomaji aishike hoja hii, tutairudia.

Mji ulikua kwa ajili ya reli, na baadaye kwa ajili ya uwanja wa ndege uliofunguliwa 1936 kaskazini yake, ule ambao leo unaitwa Ben Gurion. Sensa ya Waingereza ya 1922 ilihesabu watu 8,103. Ya 1931 ilihesabu 11,250. Takwimu za 1945 zinasema 16,780. Katikati ya hesabu hizo kulikuwa na tetemeko la ardhi la tarehe 11 Julai 1927, ambalo lilibomoa nyumba nyingi Ludd na katika mji jirani wa Ramla, nazo zikajengwa tena. Waislamu walikuwa wengi, Wakristo wachache, na msikiti mkubwa na kanisa la Mtakatifu George vimeegemeana hadi leo, ukuta kwa ukuta.

Nje ya reli, mji uliishi kwa zeituni, ufuta na machungwa. Mafuta ya zeituni yaliyobaki bila kuliwa yaligeuzwa sabuni, na hapa wasomaji wa Kigoma watatabasamu, kwani ni kazi ileile ya mawese. Zamani wa Palestina walitumia majivu ya mimea ya chumvi na chokaa, wakapika kwenye sufuria kubwa kwa siku kadhaa, wakamwaga uji wake sakafuni, wakaukata vipande na kuvipanga kama minara yenye matundu ili upepo upite ndani. Kukausha tu huchukua miezi. Jambo hili linasaidia kwenye hesabu za 1948: mzee mwenye sabuni iliyopangwa sakafuni mwezi wa Julai ana mali ambayo haibebeki.

Azimio la Umoja wa Mataifa la kuigawa Palestina, la tarehe 29 Novemba 1947, liliiweka Ludd pamoja na Ramla upande wa dola ya Kiarabu. Jaffa ilipoanguka Mei 1948, maelfu ya watu wake waliingia Ludd na Ramla, wengine wakalala misikitini na chini ya miti. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu wapo wanafunzi wanaojumlisha 16,780 za Ludd na 15,160 za Ramla, wakapata 31,940, kisha wakasema idadi ya waliofukuzwa, inayotajwa kuwa kati ya 50,000 na 70,000, imetiwa chumvi. Haikutiwa chumvi. Takwimu za 1945 hazikuhesabu wageni wa 1948. Ni sawa na kuhesabu abiria wa treni kwa tiketi zilizouzwa stesheni moja tu.

Sasa siku zenyewe. Mapatano ya kusitisha vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu yaliisha mwanzoni mwa Julai, na jeshi la Israeli likaanza Operesheni Dani chini ya Yigal Allon ili kuzikamata Ludd na Ramla. Jeshi la Jordan, lililoongozwa na Mwingereza John Glubb, lilikuwa limeacha Ludd askari kama 125 tu, kwa sababu Glubb aliona akiweka wengi pale atapoteza kilima cha Latrun, na akipoteza Latrun amepoteza njia ya Jerusalem. Kijeshi hesabu yake inaeleweka. Kwa mwenye nyumba Ludd haikuwa na maana yoyote.

Jioni ya tarehe 11 Julai, miaka 21 kamili tangu tetemeko lile, kikosi cha Moshe Dayan, ofisa wa Israeli, kiliupitia mji kwa magari ya jeep na ya vita, kikifyatua risasi pande zote, kwa muda usiofika saa nzima, kikatoka. Usiku huo askari wa Jordan waliondoka, na askari wa brigedi ya Yiftah ya Israeli wakaingia. Wakazi walishika bendera nyeupe. Wanaume wengi walikusanywa ndani ya msikiti mkubwa na kanisani. Tarehe 12, kabla ya adhuhuri, magari mawili au matatu ya deraya ya Jordan yaliingia pembezoni mwa mji, baadhi ya wakazi wakadhani wanaokolewa na risasi zikaanza. Askari wa Israeli walikuwa kama 300 katikati ya makumi elfu ya watu, nao wakaamriwa kumpiga risasi yeyote anayeonekana mitaani. Watu wengi waliuawa majumbani na njiani, na wengine makumi ndani ya msikiti mdogo wa Dahmash. Ripoti ya jeshi la Israeli la wakati ule ilitaja wafu wa Kiarabu wapatao 250. Mwanahistoria wa Kipalestina Aref al-Aref alitaja 426. Waisraeli waliouawa siku hiyo hawakufika watano. Wahariri wanapoandika mambo haya, ushauri wetu ni kuzitaja namba zote mbili na kusema nani alihesabu, badala ya kutafuta wastani. Wastani wa 250 na 426 ni namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihesabu.

Na ni mchana huohuo amri ilipotoka. Ilisainiwa na Yitzhak Rabin, wakati ule ofisa wa operesheni, na ilisema wakazi wa Ludd wafukuzwe haraka bila kuangalia umri, waelekezwe upande wa kijiji cha Beit Nabala. Rabin huyu ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1994. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba Allon alimuuliza waziri mkuu Ben-Gurion wawafanyeje watu wa miji ile, na Ben-Gurion akajibu kwa ishara ya mkono ya kuwafukuza. Kamati ya serikali ya Israeli ilikiondoa kipande hicho kitabuni, lakini gazeti la New York Times likakichapisha Oktoba 1979. Allon alikanusha kwamba Ben-Gurion alitoa amri hiyo. Wanaweza kubishana nani aliinua mkono. Karatasi yenye sahihi ya Rabin ipo.

Watu wa Ramla wengi walipakiwa kwenye mabasi na malori hadi karibu na mstari wa vita, kisha wakashushwa kutembea. Wa Ludd walianza kutembea mlangoni kwao. Hapa ndipo tungependa ukurasa wa historia ukae kidogo, kwa sababu vifo vya njiani mara nyingi husimuliwa kama bahati mbaya, ilhali kila sababu inajulikana.

Ludd iko tambarare, mita 50 hadi 70 hivi juu ya usawa wa bahari. Ramallah, walikokuwa wanaelekea, iko kama mita 870. Maana yake ni kupanda mita 800 kwa njia za mawe na mashamba, si kwa lami. Ilikuwa Julai, joto la nyuzi 30 hadi 35, na zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1367 Hijria, hivyo wengi walitoka nyumbani matumboni mwao hamna kitu na maji hawakuwa wamekunywa tangu daku. Mtu mzima anayetembea kwenye jua kama hilo akiwa na mzigo anaweza kutoka jasho karibu lita moja kwa saa. Kwa saa kumi za mwendo anahitaji lita kumi, nazo ni kilo kumi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana pa kuzibeba. Visima vya njiani vilikuwa vichache na havikuwa na kamba za kutosha. Watu elfu wakifika kwa pamoja kwenye kisima kimoja, wa kwanza wanakunywa, wa katikati wanalamba tope, na wa nyuma wanakuta msukumano. Waliokufa walikuwa hasa wazee na watoto wachanga. Vizuizini, askari waliwanyang'anya watu pesa na vito, na vitu vizito vilitupwa kilomita baada ya kilomita: kwanza magodoro, kisha vyombo, mwisho chakula. Makadirio ya waliokufa njiani yanaanzia makumi na kufika mamia. Mwanafunzi wa udaktari kutoka Ludd aliyekuwa katika msafara huo, George Habash, baadaye alianzisha PFLP, chama cha umma cha kuikomboa Palestina, na ukitaka kuelewa ukali wa siasa zake anzia kwenye barabara hiyo.

Sasa turudi kwenye reli. Mji haukuwa mtupu kabisa. Walibaki mamia kadhaa, wengi wakikadiria kama elfu moja, na sehemu kubwa yao walikuwa wafanyakazi wa reli na familia zao, pamoja na waliokimbilia kanisani na hospitalini. Watu wa reli walihitajika. Bila wao swichi hazigeuki na injini hazitoki bandani, na jeshi lililokuwa vitani lilihitaji treni kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo kwa siku mbili umri haukuangaliwa, lakini kazi iliangaliwa. Mkamua zeituni alikwenda, na mpika sabuni, na mwalimu. Fundi wa boila alibaki. Sisi tuliokaa miaka mingi karakana tunajua nafsi ya mtu anapoambiwa "wewe ni wa lazima", lakini hatujawahi kuambiwa hivyo huku jirani wa kushoto na wa kulia wakitolewa nje.

Waliobaki waliwekwa eneo dogo lililozungushiwa seng'enge, chini ya utawala wa kijeshi uliodumu hadi 1949, na kwenda kazini kulihitaji kibali. Wakati huohuo mali za waliotoka zilikuwa zikibebwa: malori 1,800 ya mali yalichukuliwa na jeshi kutoka Ludd peke yake. Wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya na nchi za Kiarabu, wengi wao maskini, waliingizwa katika nyumba zilizokuwa na mapazia bado. Mwaka 1950 Israeli ilipitisha Sheria ya Mali za Wasiokuwepo, na chini ya sheria hiyo mtu aliyekuwa anaishi mtaa wa pili kutoka nyumba yake aliweza kuhesabiwa kuwa hayupo. Kiebrania kina jina la watu hao, nasi tunalitafsiri neno kwa neno kwa kuwa hatuna lingine: waliopo wasiokuwepo. Sehemu kubwa ya mji mkongwe ilibomolewa miaka iliyofuata. Ukienda na ramani ya 1945 utapata kanisa, msikiti mkubwa, daraja la Jindas lililojengwa na Sultani Baybars mwaka 1273, na stesheni.

Wengi wa waliofika Ramallah waliishia kambi za al-Am'ari na Jalazun, na wengine Jordan. Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa, la tarehe 11 Desemba 1948, lilisema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe. Halijatekelezwa. Hapa mkoani tunayo Ulyankulu, ambako waliofika kutoka Burundi 1972 na watoto wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania, kwa hiyo suala la mkimbizi wa vizazi vitatu halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Tabora. Tofauti ni moja: Mrundi wa Ulyankulu alipewa kuchagua, kurudi au kubaki.

Tunaomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile za maelezo ya picha. Yasomeke hivi: "Stesheni ya Ludd, kwa sasa Lod. Tarehe 12 na 13 Julai 1948 karibu wakazi wote Waarabu wa mji huo walifukuzwa kwa amri ya jeshi la Israeli. Baadhi ya wafanyakazi wa reli waliachwa ili treni ziendelee kwenda." Na kama nafasi inatosha, ongezeni kwamba jengo linaloonekana nyuma ya bango ni la enzi za Waingereza, maana maelezo yenu yamesema ni la Waturuki, na reli ile ya milimita 1,000 haipo tena kwenye picha.

Walimu wa historia na wastaafu wa reli,
Tabora